Paka abaki na jivu lake, choo tuwaachie watu



Juma lililopita nilipata swali ambalo kwanza lilinichekesha, kisha likanifanya nifikiri njia nzima mpaka nyumbani. Mama mmoja alinisimamisha sokoni, bidoni ya maji mgongoni, akaniuliza: "Papa wa redio, wewe unayejua mambo ya dunia, ni kweli paka anaweza kufundishwa kwenda chooni kama mtu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikaona aibu, nikamuomba atue bidoni anieleze vizuri.

Alikuwa ameona video kwenye simu ya kijana wake. Paka mweupe, mnono, amekaa juu ya choo cha kizungu, kile cha kumwagia maji. Anajisaidia, anashuka, watu wanapiga makofi. Kijana akamwambia mama yake: "Unaona? Hata wetu atajua." Na mama akaamini, kwa sababu alikuwa na haja ya kuamini.

Haja yenyewe ni hii. Jamaa yake ilikimbia mwaka 2022, vita vilipozidi katika teritware ya Rutshuru. Walilala chini ya bashi kule Kanyaruchinya zaidi ya miaka miwili. Mwanzoni mwa 2025, vita vilipofika ndani ya Goma na kambi zikaondolewa, walishika njia ya kurudi. Nyumba yao waliikuta haina manjanja wala milango. Ndipo jamaa moja ya hapa Rumangabo ikawapa chumba ndani ya parseli yake. Yeyote aliyewahi kukimbia anajua kwamba mtu anayekupa chumba siku kama hiyo si mwenye nyumba tu, ni ndugu.

Lakini chumba kilikuwa na panya. Walitoboa mfuko wa mbegu za maharagi ambazo mama alikuwa ameweka kwa ajili ya msimu. Usiku mmoja wakamuuma mtoto mdogo kwenye kidole. Mama akaomba paka mdogo kwa jirani, akamlea, na panya wakapungua. Tatizo ni kwamba paka naye ana tumbo. Mwenye parseli alikuwa amenunua mchanga mweusi wa kupiga plasta. Paka akaona mchanga ule umeletwa kwa ajili yake. Ulipomchosha mchanga, akahamia kwenye bustani ya lenga-lenga.

Sasa, katika nyumba kubwa kuna binti mwenye mimba ya miezi mitano. Mama wa nyumba alisikia kwenye kituo cha afya kwamba mavi ya paka yanaweza kudhuru mtoto aliye tumboni. Akaja mlangoni pa wageni wake, akasema: "Mama, iyi paka yenu ijue choo mbele ya mwezi kuisha. Kama haijui, muiondoshe. Kama hamutaki kuiondosha, muende nayo."

Mnaona basi kwa nini sikuendelea kucheka. Swali la paka na choo, kwa mama huyu, ni swali la mahali watoto watano watalala mwezi ujao. Nimeuliza mafundi wa mifugo, nimeuliza wauguzi, nimekumbuka na mambo yangu mwenyewe. Jibu langu ni hili: paka anaweza kufundishwa kwenda chooni, lakini tusimfundishe. Uchafu wake ndio upelekwe chooni, na anayeupeleka ni mtu.

Tuanze na lile la kwanza, kwamba anaweza. Video si uongo. Kule Marekani mwanamuziki mashuhuri wa jazi, Charles Mingus, alimfundisha paka wake aliyeitwa Nightlife, kisha akaandika maelekezo ili watu wengine wafanye vilevile. Njia yake ilikuwa ya polepole. Unaanza na sanduku la karatasi gumu lenye magazeti yaliyochanwa. Unalisogeza kidogo kidogo kila siku hadi chumba cha choo. Unaliweka juu ya choo, unalitoboa katikati, unaongeza tundu, mwisho unaliondoa kabisa. Kwa majuma matatu ao manne paka anakuwa amezoea.

Lakini angalieni choo cha Mingus ni cha namna gani. Ni choo cha kukalia, kiko ndani ya nyumba, mlango uko wazi, chini kuna maji machache tu. Paka akiteleza analowa miguu, basi.

Choo chetu mnakijua. Ni shimo refu, juu mabao ao saruji, katikati tundu, mlangoni gunia ao kipande cha bashi. Nami nasema haya kwa sababu nilijaribu, miaka michache iliyopita, kabla hata ya kusikia habari za Mingus. Nilikuwa na paka mdogo wa kike aliyekuwa anachafua chini ya meza ninayoandikia. Nikajiambia: mimi mtu niliyesoma, nitashindwaje na paka? Nikaweka basani ya jivu karibu na choo. Baada ya siku chache nikaiingiza ndani. Kisha nikaweka ubao juu ya tundu, jivu juu ya ubao, na kila siku nikausogeza ubao kidogo. Watoto walikuwa wanahesabu siku. Siku ya kumi na mbili, alfajiri, tukasikia kilio kutoka chini ya ardhi.

Tulishusha kikapu kwa kamba. Tuliita, tuliomba, tuliweka dagaa ndani ya kikapu. Ilichukua karibu saa nzima. Mwisho akapanda, tukamvuta, akatoka akiwa hai, na watoto wakashangilia. Kabla mtu hajamshika, aliruka, akakimbia, akaingia nyumbani moja kwa moja, akapita juu ya mkeka, juu ya sahani zilizoanikwa, akajificha chini ya kitanda cha watoto. Siku hiyo tulifua kila kitu kilichokuwa ndani ya nyumba, na maji tuliyanunua bidoni kwa bidoni. Mke wangu hakusema neno mpaka jioni. Jioni alisema mengi.

Nilijifunza jambo ambalo video haionyeshi. Nilikuwa naogopa paka asianguke ndani ya choo. Kumbe lenye kuogopesha zaidi ni paka anapotoka ndani ya choo. Hata asipoanguka, ameingia na miguu minne mitupu. Amekanyaga palipomwagikiwa. Mtu anavaa viatu, akitoka ananawa mikono kwa jivu ao sabuni. Paka hanawi mikono. Anajilamba, kisha anakuja kulala karibu na mtoto. Ukimzoeza paka kuingia choo cha shimo, umemzoeza kubeba uchafu wa watu na kuuleta juu ya kitanda.

Nasi katika eneo hili hatuna ruhusa ya kuchezea uchafu wa watu. Wazee wetu wanakumbuka mwezi wa saba mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia Goma kwa mamia ya maelfu, na kolera ikaua makumi ya maelfu katika majuma machache tu. Ardhi ya Goma ni mwamba wa volkano. Kuchimba choo ni shida, kuchimba kaburi ni shida. Tangu hapo kolera haijatuaga. Inarudi kila mara watu wanapobanana na maji yanapopungua. Waliotoka kambini wanajua kuliko mimi ninayeandika.

Sababu ya pili ni idadi yetu. Mashirika ya misaada yana kipimo chao: wakati wa dharura choo kimoja kisipite watu 50, na hali ikitulia kisipite watu 20. Wengi wenu mmewahi kupanga foleni mbele ya choo cha watu wengi kuliko hao. Hapa kijijini, parseli iliyopokea wageni ina choo kilichochimbwa kwa ajili ya jamaa moja, leo kinatumiwa na mbili ao tatu. Mlango uachwe wazi mchana na usiku ili paka apate kuingia? Basi nzi nao wataingia na kutoka wanavyotaka. Tundu la choo lenye kifuniko ni kinga. Tukimfungulia paka, tumewafungulia nzi.

Sababu ya tatu inawahusu zaidi ndugu zetu wa Goma wenye choo cha maji ndani ya nyumba. Wao watasema: kwetu paka hatazama, na uchafu utaondoka na maji. Ni kweli utaondoka, lakini utaenda wapi? Goma haina mtandao wa mabomba wa kukusanya maji machafu ya mji wote na kuyasafisha. Kila nyumba ina shimo lake, na chini ya shimo kuna mawe ya volkano yenye nyufa, na chini ya mji kuna ziwa Kivu ambamo wengi wanachota maji ya kunywa.

Hapa inafaa nieleze ule ugonjwa ambao mama wa nyumba alisikia habari zake, kwa sababu wengi wanausema nusu nusu. Unaitwa toksoplasmosi. Unaletwa na kimelea kidogo kisichoonekana kwa macho. Paka anakipata akila panya ao nyama mbichi yenye kimelea hicho, kisha anatoa mayai yake katika mavi. Mtu mwenye nguvu akiambukizwa, mara nyingi hasikii lolote, ao anasikia homa ndogo inayopita. Hatari iko kwa mwanamke anayeambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, kwa sababu kimelea kinaweza kumfikia mtoto na kumharibu macho ao ubongo, ao mimba ikatoka. Hatari iko pia kwa mtu ambaye kinga ya mwili imepungua, kama mwenye virusi vya UKIMWI asiyepata dawa.

Mayai hayo ni magumu. Katika udongo wenye unyevu yanaweza kuishi miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Mitambo ya kusafisha maji machafu, hata kule wanakokuwa nayo, haiyaui yote. Kwenye pwani ya California, kule Marekani, wataalamu waliona fisi-maji wa baharini wakifa kwa kimelea hiki, kilichofika baharini pamoja na maji yatokayo nchi kavu. Mwaka 2006 jimbo hilo likatoa sheria kwamba mifuko ya mchanga wa paka iandikwe onyo: mavi ya paka yasimwagwe ndani ya choo cha maji wala kwenye mifereji. Ikiwa watu wenye mabomba na mitambo wameogopa, sisi tunaochota ziwani kwa bidoni tuseme nini?

Lakini sehemu ya pili ya habari hiyo haisemwi sana, nami naomba mama wa nyumba kubwa aisikie. Paka hatoi mayai hayo maisha yake yote. Kwa kawaida anayatoa kwa juma moja mpaka matatu, baada ya kuambukizwa mara ya kwanza. Na mayai yakitoka hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji siku moja mpaka tano, ndipo yanakuwa na nguvu ya kumdhuru mtu. Maana yake, mavi yanayoondolewa kila siku hayapati nafasi. Yanayoachwa juma zima katika mchanga ndiyo hatari. Tena watu wengi wanaambukizwa bila kugusa paka: kwa nyama isiyoiva vizuri, kwa mboga zisizooshwa, kwa mikono iliyotoka shambani bila kunawa. Kumfukuza paka na kuendelea kula mishikaki yenye damu ndani si kinga.

Basi tufanye nini? Jibu analo paka mwenyewe. Asili yake ni paka-mwitu wa Afrika na nchi za Mashariki ya Kati, na tangu zamani anachimba udongo mkavu, anajisaidia, anafukia. Hakuna aliyemfundisha. Ni mnyama anayeficha uchafu wake bila kuambiwa, na katika hilo amewapita watu fulani ambao sitawataja, wanaoamka usiku na kwenda nyuma ya nyumba ya jirani. Kosa la paka wa mama huyu ni moja tu: alitafuta udongo mkavu, akaukuta mchanga wa plasta. Mpe udongo wake, atauacha wa wengine.

Wazungu wenyewe walianza hivyo hivyo. Zamani paka wao wa nyumbani walipewa mchanga, udongo ao majivu. Mwaka 1947, kule Michigan, mtu mmoja aitwaye Edward Lowe alimpa jirani yake udongo mkavu wa mfinyanzi badala ya majivu, kwa sababu majivu yalikuwa yanashika miguu ya paka na kuchafua nyumba. Udongo ule ulipendwa, akauweka katika mifuko, akauza, akatajirika. Sisi hatuhitaji mfuko wa kununua. Udongo wa volkano uko mlangoni na jivu la makala liko jikoni.

Nawapa utaratibu, kama nilivyoueleza redioni. Chukua bidoni ya lita 20 iliyotoboka, ile isiyofaa tena kwa maji, uikate kwa urefu ipate kuwa kama bakuli. Ndani weka udongo mkavu ao mchanga, uchanganye na jivu lililopoa kabisa na kuchekechwa lisiwe na kaa la moto. Jivu peke yake lisitumike, kwa sababu likilowa linaunguza miguu ya paka. Weka bakuli mahali pakavu, penye utulivu, mbali na chakula. Siku ya kwanza chukua kidogo cha uchafu wake kutoka pale alipozoea, ukiweke ndani ya bakuli ili harufu imuite. Asubuhi na baada ya kula, mpeleke pale. Akifanya, msifu ao mpe kichwa cha dagaa. Akikosea, usimpige. Paka anayepigwa hajifunzi choo, anajifunza kujificha, na utakuja kutambua maficho yake kwa pua.

Kila siku, bila kuruka hata moja, mtu mzima asiye na mimba aondoe uchafu kwa kijiti ao kijiko cha kazi hiyo tu, autie ndani ya shimo la choo, mwage jivu juu, arudishe kifuniko, anawe mikono kwa sabuni. Watoto wasipewe kazi hiyo. Choo chenyewe kiwe mbali na maji, angalau hatua 40, na kisiwe juu ya kisima. Penye choo cha maji, usimwage humo. Fukia ndani ya shimo refu nyuma ya nyumba, mahali pasipolimwa.

Na mchanga wa kujengea ufunikwe kwa bashi, mawe pembeni. Bustani ya lenga-lenga izungushiwe vijiti vilivyopandwa karibu karibu, paka akose nafasi ya kuchimba. Mboga zioshwe vizuri kabla ya kupikwa. Binti mwenye mimba asilime bustani ile kwa mikono mitupu. Nyama iive.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu. La kwanza: "Wewe unakaa Rumangabo, unaona mbwa wa hifadhi." Ni kweli. Hapa kwenye makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, tangu 2011 kuna kikosi cha mbwa waliofundishwa pamoja na walinzi wao. Wengine wanafuata nyayo za majangili, wengine wananusa pembe za ndovu na silaha zilizofichwa. Kama mbwa anajifunza hayo, paka atashindwa na choo? Najibu: mbwa wale wamefundishwa kazi ambayo pua zao zinaiweza na ambayo watu wanaihitaji. Hakuna aliyepoteza muda kumfundisha mbwa kukaa chooni. Kazi ya paka ni panya. Kazi hiyo anaijua, anaifanya usiku sisi tukilala, na hadai mshahara.

La pili: "Paka afukuzwe, tumalize maneno." Mwenye parseli ana haki ya kusema hivyo, ni kwake. Lakini naomba ahesabu kwanza. Paka akiondoka leo, panya watarudi, na panya hawachagui mfuko wa mgeni na mfuko wa mwenyeji. Halafu mchanga ukibaki wazi, paka wa jirani ataujia, na wa jirani wa pili. Tutakuwa tumefukuza jamaa ya watu saba, na mavi yatakuwa bado katika mchanga. Binti atakuwa katika hatari ile ile. Bashi juu ya mchanga inamlinda kuliko kufukuza watu.

La tatu ndilo zito. Mtu aliniambia uso kwa uso: "Watu wamekufa, mashamba yamepotea, na wewe redioni unazungumza paka." Ndugu yangu, nakuelewa. Nimesoma habari za vita kwenye redio mpaka sauti yangu mwenyewe imenichosha. Lakini nimetembelea parseli nyingi zilizopokea watu, na nimeona kitu gani kinavunja upendo. Mara nyingi si jambo kubwa. Ni kuku aliyekula mahindi ya mwenzake. Ni kamba ya nguo. Ni zamu ya kufagia choo. Ni paka. Wenyeji walifungua milango bila kuulizwa, walipunja watoto wao ili wa wengine wale, na hakuna aliyewapa cheti. Uchovu wao ni wa kweli. Wageni nao wamepoteza kila kitu, na kiumbe kimoja kinacholinda mbegu zao wanaambiwa wakitupe. Tukipuuza ugomvi mdogo kwa sababu vita ni vikubwa, vita vitatufuata mpaka ndani ya parseli.

Kwa hiyo kwa wenyeji nasema: ogopeni ugonjwa, mna haki, lakini muuogope pale ulipo. Uko ndani ya mchanga ulio wazi, ndani ya nyama mbichi, katika mikono isiyonawa. Na kwa wageni nasema: wahenga walituambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msingoje kupewa. Paka ni wenu, uchafu wake ni wenu. Jembe hilo la siku ya tatu lianze kufukia mavi ya paka kabla mwenye nyumba hajaamka. Mtu akiona mgeni wake anasafisha bila kuambiwa, maneno ya "muende nayo" yanapungua ukali yenyewe.

Alhamisi nilipita kwenye parseli ile. Mama alinionyesha bidoni iliyokatwa, nyuma ya mlango, na ndani yake alama za makucha. Aliniambia ni usiku wa tatu paka anaitumia, ingawa mara moja alikosea na kufanya ndani ya kiatu cha kijana, yule wa video. Mchanga wa plasta umefunikwa. Niliitazama ile bashi, nikaona imechakaa, imeshonwa pembeni kwa kamba. Ni ile waliyolalia Kanyaruchinya. Waliibeba mpaka hapa, na sasa wamemfunikia mwenyeji wao mchanga.

Nilimuuliza mama wa nyumba kubwa anasemaje. Alikuwa anaosha lenga-lenga ndani ya basani, maji ya pili. Alisema: "Tutaona mwisho wa mwezi." Kisha akaongeza, bila kuniangalia: "Panya wa jikoni yangu nao wamepungua."

Mwisho wa mwezi nitarudi, nitawaambia. Kwa leo, kama una paka, mtafutie udongo wake kabla jua halijazama. Na choo chako, kifunike.

Ni mimi, mwandishi wenu kutoka Rumangabo. Mlale salama.